Uwalii wa Rukia na Kikombe cha Asubuhi

Kwa jumla, ugonjwa huu ulinigharimu meno sita, mke mmoja, duka la Ndia Kuu, saa ya ukutani ya marehemu babangu, na miaka ambayo sina pa kwenda kuidai. Hesabu hii nimeifanya mara mbili. Mara ya kwanza meno yalitoka matano. Nikapitisha ulimi tena polepole, nikalipata pengo la sita huko nyuma. Mke hakuongezeka.

Nakuandikia wewe uliyeketi kwenye benchi la kliniki ya methadoni ukingoja jina lako liitwe, au wewe ambaye nduguyo ameketi pale nawe umebaki nyumbani na hasira zako. Jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini waulize waliosomea. Mimi ni dalali wa vitu vikuukuu. Nilichosomea ni kununua sanduku kwa mtu asiyejua thamani yake na kumuuzia mtu anayedhani anaijua.

Enzi zangu nilikuwa na duka la mlango mmoja. Watalii walitoka Ngome ya Yesu wekundu kama kamba waliochemshwa, wakitafuta kivuli, na kivuli changu kilijaa masanduku ya njumu, birika za shaba, na sahani za Kichina zenye ufa ambao mimi niliuita alama ya ukale. Asubuhi nilifagia kibaraza huku mwuza kahawa akipita akigonganisha vikombe, na kwa jirani mahamri yakifura kwenye mafuta. Binti yangu Rukia, wakati huo miguu yake haijafika chini akiketi juu ya sanduku, aliwaambia Wazungu bei kwa vidole. Alinyoosha vyote kumi. Nikimwambia, "Punguza, mwanangu," alificha kidole kimoja, tena kile kidogo. Nayakumbuka hayo kuliko ninavyokumbuka yaliyofuata, na nashukuru, maana yaliyofuata hayana mnunuzi.

Unga wa heroini niliuanza kwa mzaha wa maskani, nikauendeleza kwa bidii ya kazi. Sitausimulia sana. Kila teja ana hadithi hiyo na zote zafanana, kama zile sahani zangu. Nitasema tu kwamba kitu cha kwanza kunitoka hakikuwa pesa. Ilikuwa harufu. Pua ilikufa. Udi, asumini, samaki, mitaro, Mji wa Kale wote ukawa kama picha ya mji iliyotundikwa ukutani. Zuhura, mamake Rukia, alinivumilia kupita kiasi nilichomdai, kisha akataka talaka yake, nikampa, akarudi kwao Kibokoni na mtoto. Kaka yangu mkubwa, Swaleh, akanipa chumba cha uani nyumbani kwake. Mlango wa kuingilia ndani akautia komeo, upande wake.

Nilianza dawa wakati wa kaskazi, joto limesimama kichwani. Kutoka chumbani kwangu mpaka kliniki, kuelekea Makupa, nilikwenda kwa miguu, na nilikwenda alfajiri ili niwahi kivuli. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya watu, paa la mabati, na feni moja iliyompepea bawabu. Ukiitwa, wasimama dirishani, wapewa kikombe kidogo cha plastiki chenye maji mekundu, wanywa mbele ya nesi. Kisha lazima useme kitu. Mtu akisema, hawezi kuwa ameficha dawa mdomoni akaiuze nje.

Nesi wetu alikuwa Sista Kadzo, mama wa makamo, macho yake hayaulizi bei.

"Sema, Mzee Twalib."

"Niseme nini?"

"Lolote. Nisikie umemeza."

"Nimemeza. Lakini kwa mteja wa kila siku, Sista, hampunguzi uchungu?"

"Uchungu ni bei moja. Haya, mwingine!"

Mwingine alikuwa Katana. Alikuwa mpagazi Kilindini mpaka mgongo ukamwangusha, na dawa ya mgongo aliyopewa na rafiki ndiyo iliyomfikisha kwenye benchi. Yeye kila siku alisema neno lile lile: "Katana, bado nipo." Tuliketi pamoja kwa sababu yeye alikuwa mpana na mimi mwembamba, tukawa tunalitosha benchi sawasawa.

Mwili ulinirudia vipande vipande, wala hakuna aliyeniuliza nataka kipi kwanza. Jasho likaja lote kwa pamoja, kama lilikuwa limewekwa akiba. Choo kikawa mgeni wa heshima, haji mpaka abembelezwe kwa papai na maji ya uvuguvugu. Machozi yakarudi; nilimlilia paka. Mvua za mwaka zilipoanza, ile mvua ya kwanza inayoinua vumbi la Marikiti, nilikuwa nimeketi benchini nikasikia pua yangu inafunguka kama dirisha lililovimba. Harufu ya kwanza kunirudia haikuwa asumini. Ilikuwa ya Katana.

"Katana," nikamwambia, "nakunusa."

"Kwani nanuka?"

"Wanuka, yakhe! Wanuka kweli kweli!"

Nilimshika mabega kwa furaha. Alikasirika mpaka siku ya pili, alipokuja ameoga na kupaka mafuta ya nazi, akaniinamia: "Na leo?" Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, nikapita kwenye maduka ya viungo nikisimama kila mlango. Hiliki, bizari, mdalasini. Wenye maduka walidhani nimerudia wizi wangu wa enzi za unga, wakanitazama mikono. Sikujali. Siku zile nazitamani mpaka leo, amini usiamini, siku za benchi na mvua, ambapo kunusa pilipili tu kulitosha kunipa maringo ya sultani.

Kusi ya mwaka wa pili ilipotulia nilikuwa nimenenepa. Nilikuwa nikilala usingizi wa kulala, si wa kuanguka. Nilianza tena udalali mdogo, meza mbili tatu, kabati la mtu. Swaleh akaanza kuacha komeo wazi mchana.

Hapo ndipo Rukia alipokuja kunitembelea Ijumaa moja, mtu mzima, mwalimu wa chekechea, buibui lake linanukia udi. Akanibusu mkono, akaketi kibarazani.

"Baba, kuna watu watakuja."

"Watu gani?"

"Wa posa."

"Posa ya nani?"

"Ya Feisal."

"Feisal gani?"

"Feisal mmoja tu, Baba, usimhesabu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ni mwalimu mwenzangu. Mama ashakubali. Nami nataka uniozeshe wewe. Si Ami Swaleh. Wewe."

Nikajifanya kikohozi kimenipata. Walii wa binti, anayemwoza siku ya nikaha, ni babake. Hilo hata asiyesoma chuo cha Kurani alijua. Lakini kwetu ilishapita miaka hakuna aliyenihesabu katika jambo lolote, na nilikuwa nimezoea kupita kando ya ukuta.

Swaleh nilimwambia jioni ile ile. Alikuwa karani Kilindini kabla ya kustaafu, na bado huzungumza kama anayegonga muhuri.

"Sikatai," akasema. "Wewe ndiwe babake. Lakini nami nna sharti. Hiyo methadoni yako ni unga uliovaa kanzu. Iache kwanza."

"Ni dawa, kaka."

"Dawa haiishi? Mimi nilipata malaria, nikanywa, nikapona, nikatupa chupa. Wewe mwaka wa pili huu wanywa. Watu wa Feisal wakiniuliza, niwaambie walii yuaja na kikombe chake?"

"Nikaha lini?"

"Baada ya Maulidi."

"Hapo ni karibu mno."

"Basi anza mapema. Ukishindwa, nitaketi mimi, na hakuna atakayekulaumu."

Hilo la kutolaumiwa ndilo lililonichoma. Mtu halaumiwi ikiwa hakuna anayemtarajia.

Nikafanya kosa la kidalali. Nilidhani kila kinachoweza kushuka hushuka kwa maneno.

"Sista," nikasema dirishani asubuhi iliyofuata, "nataka kushuka."

"Kwa nini?"

"Nna harusi ya binti."

"Mabruki! Tutamwona daktari. Utashuka kidogo kidogo, kwa miezi, tukikutazama."

"Miezi sina. Tufanye nusu leo, nusu iliyobaki wiki ijayo."

"Mzee Twalib, hapa si Marikiti."

"Basi robo."

"Umetoka nusu umefika robo, na mimi sijasema kitu!"

"Ndivyo inavyoanza, Sista. Sasa nawe sema chako."

Aliyesema chake ni daktari. Alinikubalia kupunguza kiasi kidogo sana, tone la kumpa mgonjwa moyo, kisha tungoje tuone mwili umelipokeaje. Nikamshukuru sana. Nikatoka nje, nikaanza kujipunguzia mwenyewe. Leo naenda, kesho siendi. Nilijiona mjanja, nimepata bei ambayo hata duka lenyewe halikujua limeuza.

Arosto ikarudi. Aliyeipitia hana haja ya kuelezwa, na asiyeipitia Mungu amwepushe. Miayo inayovunja taya, pua inayotiririka, miguu inayopiga mateke yenyewe kama ya mtu mwingine aliyelala nawe. Kanzu mpya ya harusi ilikuwa imetundikwa ukutani. Nilikuwa naitazama, nayo yanitazama. Rukia alipita siku moja kuniletea kitambaa cha kofia, akanikuta nimejifunika blanketi mchana wa jua.

"Baba, waumwa?"

"Homa kidogo. Itashuka."

Alikunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya kiti, na akikaribia mlango akageuka kunitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani, wakati ule wa kabla ya kuhamia Kibokoni. Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto yule naye alijifunza kusoma dalili.

Siku ya pili, adhuhuri, miguu ilinipeleka kwenye kichochoro cha zamani. Muuzaji alinikaribisha kwa jina, akaniambia nimenenepa. Nikaketi kizingitini kwake. Akataja bei.

Nami sikubishana.

Hapo ndipo nilipoogopa. Maisha yangu yote, hata kwa waziba meno na wachimba kaburi, sijapata kutajiwa bei nikanyamaza. Nilikuwa tayari kutoa chochote, na nilijijua mkono wangu ulikuwa unaelekea kwenye saa ya mkononi ambayo Rukia alininunulia kwa mshahara wake.

"Ee Twalib! Umehamia huku?"

Katana alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kichochoro, ameziba mwanga wote.

"Napumzika," nikasema.

"Pumzika, sikukatazi. Benchi limekuwa pana siku hizi, nalala kabisa. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Ule uwalii wauuza?"

"Uwalii hauuzwi."

"Aa. Nimeona dalali ameketi kwa muuza unga na hana kingine mkononi, nikadhani."

"Nenda zako, Katana."

Hakwenda. Akachuchumaa mbele yangu, na mgongo ule ulivyo, kuchuchumaa kwake si jambo dogo. "Mimi nna mabinti wawili. Mama yao alirudi nao kwao, na jina langu hawalitaji. Hakuna atakayekuja kuniita mimi niozeshe mtu. Wewe waitwa. Ikiwa uwalii wako huutaki, nipe mimi. Hicho Kiarabu nitajifunza."

"Utasilimu?"

"Hilo tutapatana."

Nilicheka. Kucheka na arosto ni kuumwa kila ubavu kwa zamu yake, lakini nilicheka, na muuzaji akakereka akatuambia tunamzibia biashara. Katana akaniinua kwapani kama gunia la sukari, tukashika njia ya Makupa, mimi nikitapika na yeye akiwaambia wapita njia kwamba nimekula pweza mbaya.

Sista Kadzo alikuwa akikaribia kufunga dirisha. Alinitazama juu mpaka chini.

"Umeshuka bila ngazi," akasema.

Hakunigombeza. Daktari alinianzisha upya kwa uangalifu, chini kuliko nilipokuwa, nami nikapandishwa taratibu mpaka mifupa ikanyamaza. Sista alitaka kitu kimoja tu.

"Mlete huyo kaka yako."

"Hatakuja hapa."

"Mwambie kuna chai."

"Hakuna chai, Sista."

"Akijua hivyo atakuwa ashafika."

Nilimwambia Swaleh kweli yote, kichochoro na kizingiti. Asubuhi akatoka na kanzu iliyopigwa pasi, tukaenda. Alitandika leso juu ya benchi kabla ya kuketi, kati yangu na Katana, na hakuuliza chai. Aliwatazama walioingia. Fundi muashi mwenye chokaa viatuni alikunywa, akasema "Nimechelewa kazini, Sista," akaondoka mbio. Akaja mama na mtoto mgongoni. Akaja mwuza madafu. Kisha akaingia mwanamume mmoja mnadhifu, miwani usoni, na Swaleh akanishika goti.

"Huyu si mtoto wa jirani yetu, yule aliyeko Maskati?"

"Ndiye."

"Mamake alituambia yuko Maskati!"

"Maskati ndiyo hapa, kaka."

Mwenye Maskati yake akamwamkia Swaleh kwa adabu zote, "Sabalkheri, mzee," akanywa, akasema neno lake, akaenda zake kazini. Swaleh alimfuata kwa macho mpaka nje. Kaka yangu ana sukari. Nyumbani kwake kuna sindano kwenye friji karibu na maziwa. Sikuitaja. Nilimwona mwenyewe anaifikiria, na dalali mzuri ajua wakati wa kunyamaza.

"Na akili?" akamuuliza Sista Kadzo dirishani, kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za aibu. "Dawa hii haimwondolei akili?"

"Muulize yeye. Mimi kila siku nasumbuliwa na hizo akili zake."

Swaleh akakunja leso yake. "Twende kwa shekhe," akasema.

Shekhe tulimkuta msikitini baada ya adhuhuri, anapumzika penye feni. Swaleh akaeleza kila kitu, mpaka rangi ya dawa. Shekhe akanigeukia.

"Ukiinywa, walewa?"

"La, shekhe. Mwanzo nilisinzia. Sasa natoka jasho na kukosa choo."

"Hayo hayaharibu nikaha. Wamjua unayemwoza?"

"Rukia binti Twalib."

"Na mwanamume?"

"Feisal, mwalimu. Nimemuulizia kwa watu, kisha nikamuulizia tena kwa watu wengine."

"Na mahari aliyotaja binti, wayaridhia?"

"Nayaridhia, shekhe. Ila naona bado nafasi ya kupanda ipo."

Swaleh akajifunika uso kwa kiganja. Shekhe akacheka mpaka tasbihi ikamtoka mkononi. "Mahari ni haki yake binti, wewe huna ruhusa ya kuyapandisha. Swaleh, nduguyo akili anazo. Kama ana kasoro ni kwamba zimezidi."

Nikaha ilifungwa alasiri. Asubuhi nilikwenda kunywa dawa yangu kama siku zote. Kanzu mpya haikufunga shingoni, kwa sababu ilipimwa wakati wa arosto nami nilikuwa nimerudia unene wangu. Nikaketi mbele ya shekhe, nikaupokea mkono wa Feisal. Nilikuwa nimeogopa jasho langu. Nikakuta lake limeshinda, mkono wake wote umeloa kama wa mtu aliyeokolewa majini. Nikatamka maneno ya kumwoza mwanangu. Kwenye mapengo ya meno herufi zingine zilipiga mluzi, na hakuna aliyecheka. Swaleh alikuwa begani kwangu, na kila neno nilisikia anavuta pumzi nami.

Nilipotoka nje nilimkuta Katana barazani na sahani ya halwa, ameketi baina ya wazee wawili, anawaeleza habari za mizigo ya bandarini. Na magharibi haijaingia, likaja sinia kutoka Kibokoni, kwa wanawake. Juu ya pilau, palipowekwa nyama za watu wengine, kwangu paliwekwa ukoko, ule mweusi wa chini ya sufuria ninaoupenda. Zuhura hakutuma salamu. Nilikula polepole.

Hayo yamepita, na mambo ya nyumbani sasa ni mazuri. Komeo limeng'olewa, mashimo ya misumari yamezibwa. Lakini mwezi huu Feisal ametumwa kufundisha Garsen, na Rukia anakwenda naye. Juzi alikuja kuniaga, kumbe si kuniaga.

"Baba, nyumba ya huko ina chumba cha tatu. Kidogo, lakini chafunguka upande wa upepo. Ni chako. Tushakiita chako."

"Na dawa yangu?"

"Sijui. Wewe nijibu."

Nimeuliza mara mbili: kliniki ya dawa yetu kule alikotumwa haijafika. Sista Kadzo asema ipo njia ya kuhamishiwa mji mwingine wenye dirisha, ulio karibu kidogo na kule, au ya kuanza kushuka, safari hii kwa ngazi, na hakuna hata moja anayonisukumia. Swaleh asema chumba cha uani hakiendi popote. Katana alisema, "Nenda," akiwa anatazama upande wa barabara. Nami nimeketi benchini naanza kulitamani benchi lile lile nililolikalia.

Basi nakugeukia wewe uliyepita hapa kabla yangu. Ikiwa uliwahi kuhama mbali na dirisha lako kumfuata mwanao, uliishije? Ulishuka kwanza ndipo ukahama, au ulihama na dawa yako ukashukia huko? Na ikiwa ulibaki, mwanao ulimwambia nini, naye alikutazamaje? Nijibu kabla shule hazijafunguliwa. Usinitajie unachodhani nataka kusikia. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe maisha yangu yote. Niambie tu ulivyofanya.